Majeruhi wa Jumamosi

Muuza mkaa hakuwa mtu wa kusema uongo, ila ukweli wake haukuwahi kutoka nyumbani bila chumvi. Jumapili hiyo asubuhi alimdaka Mama Bonge pale bombani, akamvuta pembeni kana kwamba ndoo zina masikio.

"Mwenzangu, jana nimemwona tena. Kwa macho yangu haya."

"Umemwona nani?"

"Shangazi wa chumba cha mwisho. Kashushwa na pikipiki, shingo imefungwa, gauni limechanwa kutoka hapa mpaka hapa, damu mpaka kwenye viatu! Nikasema basi, leo tumempoteza. Haya, nenda kamwone sasa hivi. Yuko uani anaanika nguo, na anaimba."

"Labda aliumia kidogo tu."

"Kidogo? Na ile siku nyingine je, alipokuja mkono unaning'inia kama mkono wa koti? Kesho yake si alibeba robota la mitumba peke yake? Yule ama ana mtu anayempiga kwa siri, ama ana mambo yake." Neno la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kisha akajifuta mdomo kwa mkono wenye masizi. "Mimi sisemi kitu. Nimekwambia wewe tu."

Alikuwa ameshawaambia wote waliokuwa kwenye foleni.

Mama Bonge alijitwika ndoo akaondoka. Alikuwa mama wa mtoto mmoja, mtoto mwenye mashavu yaliyojaa hata jina lake la cheti likasahaulika, kila mtu akamwita Bonge. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Watu wakimaliza kuongea yeye ndiyo kwanza anaanza kufikiri, na akipata la kusema, wenzake wameshahamia habari nyingine. Lakini la kupigwa lilimkaa kooni. Alimpenda Shangazi. Ndiye aliyemchagulia nguo za kwanza za Bonge kutoka kwenye mitumba yake, akakataa kumuuzia moja iliyokuwa na kifungo kilicholegea, akisema, "Mtoto huona kifungo kama pipi."

Basi mchana, Bonge akiwa mgongoni, akachukua chupa ya maji ya moto, chumvi kidogo na kitambaa safi, akaenda kubisha chumba cha mwisho.

"Hodi, Shangazi."

"Karibu, mlango uko wazi!"

Aliingia. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, mkono wa kushoto juu ya meza. Mkono ule ulikuwa umepasuka. Nyama nyekundu ilikuwa imefunguka kama mdomo, na katikati yake umechomoza mfupa mweupe. Shangazi alikuwa ameshika kijiko. Akakiingiza kijiko ndani ya jeraha, akakwangua, akatoa pande la nyama, akalifinyanga kuwa duara na kulibandika ukingoni mwa sahani.

Mama Bonge hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale aliposimama, maji ya moto yakambubujikia kwenye ndala.

"Yesu, Maria na Mitume!" Shangazi akaruka, mfupa ukamdondoka na kubingirika mpaka chini ya kitanda. "Umeungua? Inua mguu! Inua! Usiogope, mwanangu, ni unga huu. Ni unga wa ngano na mafuta ya kujipaka. Tazama!" Akaubandua ule mkono uliopasuka kama anavua soksi. Chini yake palikuwa na ngozi nzima, kavu, yenye kovu la chanjo ya utotoni. "Na huo mfupa ni kipande cha mshumaa."

Bonge, ambaye hakuogopa chochote kilichofanana na chakula, alikuwa tayari ameinama kutoka mgongoni na kunyakua lile duara la nyama.

"Mnyang'anye! Lina gundi!"

Ndipo habari yote ikatoka, kati ya kufuta maji na kumfungua mtoto kiganja kidole kwa kidole. Shangazi hakuwa na mtu wa kumpiga, wala hakuwa na mambo yake. Baadhi ya Jumamosi alikwenda hospitali kuu kufanya kazi ya kuumia. Watu wa chumba cha dharura walihitaji majeruhi wa kufanyia mazoezi, ili siku basi likipinduka kweli wasigongane mlangoni. Shangazi alijipaka damu ya rangi ya chakula iliyokorogwa na sukari, akavaa gauni la mitumba lililokosa mnunuzi, akalala kwenye machela na kuumia kwa bidii zote. Wao wakamkata gauni kwa mkasi, wakamfunga shingo, wakamgeuza kama gogo, watu wanne kwa hesabu moja, ili uti wa mgongo usipinde.

"Na ukimaliza hunawi?"

"Bomba la pale lina maji siku linapotaka. Ndiyo nakuja hivyo hivyo. Mara ya kwanza dereva wa pikipiki alikuwa mgeni. Nimempungia mkono nje ya geti, kaniangalia, kanipakia bila kuuliza naenda wapi, kageuza pikipiki moja kwa moja ndani ya hospitali! Napiga kelele, 'Nishushe, mimi ni mzima!' Naye anajibu, 'Wote husema hivyo, mama, jikaze!'"

Mama Bonge alicheka mpaka akafuta machozi kwa kile kitambaa alichokuja nacho kufungia vidonda.

Kisha akauliza, taratibu, "Ulianzaje?"

Shangazi akaokota mshumaa, akaupuliza vumbi. Alieleza bila kuvuta maneno. Miaka michache nyuma gari lilimgonga akivuka barabara. Wasamaria wakamkunja kwenye kiti cha nyuma kama shuka, wakamfikisha hospitali pamoja na kijana aliyevunjika kidole na kulia kama king'ora. Shangazi aliwaambia wauguzi, "Mimi sijambo, mtazameni huyo mtoto wa watu." Wakamtazama. Yeye akakaa kwenye benchi, anapiga miayo tu. Damu ilikuwa inajaa kifuani kimya kimya. Ilikuwa bahati kwamba sista mmoja aliyekuwa anapita aliiona ile miayo, akasimama, akamshika mkono, akaukuta baridi kama jiwe la mtoni. Hapo ndipo mbio zikaanza, akatiwa mrija ubavuni, akapona.

"Nilipopona nikarudi kushukuru. Nikamwambia yule sista, sasa ni sista mkuu, 'Asante, lakini mbona mlinichelewa?' Nilidhani atanuna. Akaniambia, 'Njoo uwaulize wanafunzi wangu swali hilo hilo, ila uwaulize ukiwa umelala.' Tangu hapo sijakosa Jumamosi hata moja waliyoniita."

Akautazama unga ukingoni mwa sahani.

"Ila naona wananiacha. Kuna daktari mpya wa upasuaji, hataki mchezo. Anataka waletewe mdoli. Mdoli wa mpira, mwenzangu! Anapumua kwa umeme. Jumamosi hii ndiyo wanaamua kama waendelee na mimi au wachukue huyo mdoli. Mdoli amewahi kuvunjika ubavu? Mdoli anajua nini kuhusu benchi?"

Alisema kwa mzaha, lakini vidole vilikuwa vinaukandakanda mshumaa mpaka ukapinda. Mama Bonge akaona kwamba hapo ndipo jeraha lenyewe lilipokuwa.

"Nikusaidie nini, Shangazi?"

"Nina shida ya ndugu. Majeruhi wa kweli huja na ndugu, na ndugu ndio wanaowapa wauguzi kichaa: wanalia, wanavuta shuka, wanataka kumnywesha maji mtu anayetakiwa kupasuliwa. Njoo uwe ndugu yangu. Kazi yako ni kulia."

"Mimi? Kulia mbele za watu?"

"Ukishindwa mfinye Bonge, alie yeye."

Jumamosi ikafika. Mama Bonge alikuwa amewahi kuingia hospitali ile kwa mlango wa wazazi tu. Chumba cha dharura kilikuwa upande wa pili, chenye vigae vyeupe vilivyokatika pembeni, mapazia ya kijani, na toroli la dawa ambalo gurudumu lake moja lililia kama kifaranga. Kwa kuwa wagonjwa wa kweli walilazwa jirani, haikuruhusiwa kuwasha king'ora. Basi dereva wa gari la wagonjwa alisimama mlangoni akapiga king'ora kwa mdomo, mashavu yametuna, mpaka sista mkuu akamwambia inatosha, baba, tumesikia ajali imetokea.

Majeruhi walikuwa wachache: Shangazi, wanafunzi wawili wa uuguzi waliopakwa majivu usoni, na mlinzi wa geti aliyeombwa dakika ya mwisho. Kila mmoja alining'iniziwa shingoni kadi ndogo iliyogeuzwa chini, imeandikwa ameumia nini. Wakalazwa kwenye machela, mlinzi mwisho kabisa, karibu na sinki.

"Haya!" akaita sista mkuu.

Timu ikaingia mbio. Na wote, kama maji yanayoijua njia yake, wakateremkia kwa Shangazi.

"Shangazi, karibu tena!" kijana mmoja aliyeshika bandeji akasema, akicheka, hata glavu hajamaliza kuvaa.

"Aah! Nakufa jamani!" Shangazi akalia. Kwa jicho moja akamkonyeza Mama Bonge: haya, zamu yako.

Mama Bonge akafungua mdomo. Watu wote wale, makoti meupe yale.

"Pole, Shangazi," akasema.

"Mama, lia!" sista mkuu akamhimiza. "Basi limempindukia shangazi yako!"

"Pole sana, Shangazi."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Bonge, akiona watu wanacheka, akapiga makofi. Kwenye machela wakahesabu moja, mbili, tatu, wakamgeuza Shangazi ubavu, mkasi ukapita kwenye gauni kama unakata karatasi.

"Mgongoni! Jeraha tumelipata!" akaita kijana wa bandeji, akionyesha kidonda cha unga kilichochongwa vizuri mno. Makofi yakapigwa. Haikuwahi kutokea wakalipata haraka namna ile. Shangazi, amelalia shavu, alikuwa anatabasamu mpaka damu ya sukari ikamwingia mdomoni.

Mama Bonge hakupiga makofi. Alikuwa anautazama mguu wa mlinzi. Ulikuwa umeteleza ukaning'inia nje ya machela, kiatu kimelegea, na hakuna aliyeurudisha.

Daktari wa upasuaji alikuwa mama mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni. Muda wote alisimama ukutani, mikono nyuma. Makofi yalipotulia akatembea polepole mpaka kwenye sinki, akamwinamia mlinzi, akageuza kadi.

"Tumbo linavuja damu kwa ndani," akasoma. "Hasemi. Analegea. Anaonekana kama ana usingizi."

Mlinzi akakoroma.

"Hapo kwenye usingizi amepatia," dereva akanong'ona.

"Huyu amekufa," daktari akasema.

Mlinzi akashtuka, akakaa. "Nani kafa?"

"Wewe."

"Mimi? Tangu lini?" Akajipapasa kifuani. "Na zamu yangu ya mchana je?"

Walicheka, pamoja na daktari mwenyewe, ila yeye alimaliza kucheka mapema. Hakugomba. Aliwaita wakamzunguka, akauliza kama mtu anayeuliza njia.

"Nani alijua kidonda cha Shangazi kiko mgongoni?"

Mikono ikapanda.

"Mlijuaje?"

Kijana wa bandeji akajikuna shingo. "Shangazi huwa anaficha mgongoni, daktari."

"Na kifua chake nani alisikiliza kabla ya kumgeuza? Nani aliangalia kama anapumua vizuri?"

Hakuna mkono uliopanda.

"Nawapongeza, kweli kabisa. Katika hospitali hii hakuna anayeweza kumwacha Shangazi afe. Tatizo ni kwamba barabara haitatuletea Shangazi." Akavua miwani, ikaning'inia kwenye kamba. "Mwanzoni nilidhani dawa ni mdoli. Lakini na mdoli mtamzoea. Baada ya muda mtakuwa mnajua anaumwa nini kabla hajatoka kwenye boksi. Tunahitaji sura tusiyoijua. Shangazi, umetufundisha mengi, na huyu mlinzi nimemwona kwa sababu ya kisa chako cha benchi. Lakini nadhani wewe sasa hatukuoni tena."

Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Shangazi alikuwa anajifuta shingo kwa pamba. Mkono ukasimama, kisha ukaendelea kufuta pale pale palipokuwa pasafi.

Walirudi kwa miguu, nzi wakiwafuata kwa ajili ya sukari. Shangazi, ambaye kwa kawaida huisalimu hata milango, hakumsalimu mtu. Mtaani, muuza mkaa akawaona kwa mbali, mmoja ana damu kifuani, mwingine ana madoa kwenye bega alipomsaidia mwenzake kushuka kwenye machela. Koleo la mkaa likamwanguka.

"Hee! Leo wawili!"

"Na kesho ni zamu yako," Shangazi akamjibu bila kusimama, na muuza mkaa akaingia ndani na kufunga komeo.

Chumbani Shangazi alikaa kitandani na lile gauni lililokatwa. Mama Bonge akamimina maji kwenye beseni, akachovya kitambaa, akaanza kumfuta mgongo, mahali ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki. Unga ulitoka vipande vipande. Bonge akawa anabembelezwa na kopo la vifungo, limefungwa barabara.

"Wamenichoka," Shangazi akasema.

Mama Bonge akaendelea kufuta.

"Sema kitu basi! Wenzako hunifariji hata kwa uongo."

"Nikikwambia hutakasirika?"

"Nitakasirika. Sema."

"Walikuwa wanacheka kabla hawajakugusa." Akakamua kitambaa. "Yule kijana alikuita jina lako kabla ya kuvaa glavu. Na walipokuzunguka, walikuwa wanaangalia mikono yao wenyewe, nani atalipata kwanza. Usoni mwako hakuna aliyeangalia. Hata uliponikonyeza, niliyeona ni mimi."

Shangazi aligeuka kwa ukali, kitambaa kikadondoka. "Kwa hiyo nimekuwa kama tangazo la sabuni ukutani? Liko pale miaka, watu wanapita, halisomwi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Angalau ungesema 'hapana' mara moja ndipo useme 'ndiyo'!"

"Nisamehe."

Shangazi alimkazia macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Mama Bonge akadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha tumboni kilichomfanya ashike ubavu ule wa mrija. "'Pole sana, Shangazi!' Basi limenipindukia, nakata roho, ndugu yangu wa pekee anasema 'pole sana' kama nimejikwaa kizingitini!"

"Nilijitahidi."

"Najua. Na yule mlinzi ulimwona?"

"Tangu mwanzo. Mguu wake uliteleza. Lakini nikasema huenda ndivyo mchezo ulivyo, mimi ni mgeni."

Shangazi akaacha kucheka. Akaliweka gauni pembeni, akamtazama yule binti aliyepiga magoti mbele yake, mikono ndani ya maji mekundu, uso umetulia, haumwambii mtu kama ameshiba au ana njaa. Alimtazama hivyo kwa muda mpaka Mama Bonge akajiangalia kama ana doa.

"Unajua shida yangu?" Shangazi akasema. "Muda wote huu nawaigizia mtu asiyelia, na mimi ni mtu wa makelele. Hata nikinyamaza, nanyamaza kwa kelele. Lakini wewe ungekaa kwenye lile benchi, ungeaga dunia kwa adabu, na kabla hujaaga ungewapisha wengine mstari."

"Shangazi, usiniapize!"

"Sikuapizi, nakuomba. Na naomba kwa moyo, maana si jambo jepesi kwangu kuamka kwenye ile machela na kumwachia mtu. Daktari anataka sura wasiyoijua. Leo wamekuona, ndiyo, lakini kesho hakuna atakayekumbuka ulivaa nini. Watamkumbuka Bonge. Majeraha nitakutengenezea mimi, na mahali nitakapoyaweka hata wewe sitakwambia. Wewe lala tu, na wakikuuliza swali, jibu unavyojibu siku zote."

"Na wasiponiuliza?"

"Basi watakuwa wamejua wanachotakiwa kujifunza, nami nitakuwa nimefanya kazi yangu nikiwa nimesimama. Daktari nitamwambia mwenyewe kesho asubuhi."

Mama Bonge akatoa mikono kwenye beseni. Maji yakamchuruzika mpaka kwenye viwiko. "Na Bonge atakaa na nani?"

"Na mimi. Mimi ndiye nitakayekuwa ndugu wa mgonjwa sasa, na nitalia mpaka dereva aone aibu na king'ora chake." Akamkamata mikono yote miwili, ilivyo mibichi. "Nilalie Jumamosi moja, mwanangu. Moja tu, tuone. Ila nakuomba kitu kimoja: wakati nalia, usinitazame, maana utacheka."